Berso ya mtoto: ya fundi wa Majengo au ile ya okazyo? (Mama mkwe anasema zote ni jeneza)

#1 Baba_wa_Himbi
Wakubwa, salamu. Bibi yangu (mke wangu) yuko mwezi wa nane, sipeeni ya mwisho (kliniki ya wajawazito) walisema kila kitu kiko sawa. Vita iko nyumbani, juu ya berso.

Fundi mmoja wa mtaa wa Majengo, hapa Goma, amenitengenezea moja ya mbao ya libuyu, dola 70. Verni imepigwa mpaka inang'aa kama gari la mbunge. Upande wa kichwa amechonga mioyo miwili yenye tundu, na pembe nne amezivalisha vichwa vya mviringo kama nguzo za ikulu. Rafiki yangu naye ana ya okazyo, yaani iliyotumika, ilitoka Marekani ndani ya kontena, ubavu mmoja unashuka na kupanda. Anataka dola 50.

Juzi mama mkwe amefika kutoka Minova. Akaizunguka ile ya fundi mara mbili, akainusa, akasema: "Hii ni jeneza lenye madirisha. Mtoto analala na mama yake." Akatoka nje. Toka siku hiyo bibi yangu naye hataki kuiangalia.

Sasa nauliza: ipi kati ya hizi mbili ni salama? Na kweli kuna mtoto wa Goma aliyekubali kulala ndani ya berso?

#2 MamaMapacha_Katindo
Hongera mapema, papa. Nguzo za ikulu nimecheka sana.

Mimi nilizaa mapacha kabla ya siku zao. Hospitali walinifundisha kuwaweka kifuani, ngozi kwa ngozi, ile wanaita mama kanguru. Tulipofika nyumbani bwana wangu akanunua berso kubwa. Unajua ililaza nani? Nguo zilizoanuliwa. Miezi minne nzima berso yangu ilibeba nguo ambazo hazijapigwa pasi. Watoto walikuwa kitandani kwetu, bwana wangu alikuwa kwenye kochi.

Mwezi wa tano ndipo walianza kulala humo. Kwa nini mwezi wa tano na si wa pili, sijui mpaka leo.

#3 Mzee_Chukudu
Mimi nina watoto tisa. Berso: sifuri. Kitanda: kimoja. Wote wako hai, mmoja ni mwalimu. Mtoto anataka joto la mama. Haya mengine ni kazi ya kutoa watu pesa.

#4 Mkunga_Ndosho
Mzee Chukudu, shikamoo, nitarudi kwako.

Baba wa Himbi, kabla ya kuchagua mbao, jua mtoto analalaje. Analala chali. Si kifudifudi, si ubavu, chali, usiku na mchana, mpaka mwaka mmoja. Akianza kujigeuza mwenyewe, mwache. Zamani hata sisi tulifundishwa kumlaza kifudifudi eti asipaliwe akicheua. Marekani walianza kampeni kubwa ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Hawakubadilisha dawa wala chanjo. Waligeuza mtoto tu.

Pili, godoro liwe gumu, tambarare, lijae berso yote. Ukiweza kuingiza vidole viwili na zaidi kati ya godoro na ukuta wa berso, godoro ni dogo. Mtoto anateleza pale, uso unabanwa.

Tatu, ndani ya berso anaingia mtoto na shuka iliyobanwa. Basi. Hakuna mto, hakuna blanketi nene, hakuna mdoli, na hakuna vile vitambaa vinene wanafunga pembeni eti asigonge kichwa. Marekani wamevipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022. Ukiona baridi ya Goma inakusumbua, mvalishe mtoto, usimfunike.

Nne, berso ikae chumbani kwenu, karibu na kitanda, walau miezi sita ya kwanza. Siyo chumba chake. Nikisema hivi mama wakwe wengi hutulia, kwa sababu wanadhani berso maana yake mtoto anafukuzwa chumbani.

Sasa Mzee. Kulala na mama siyo dhambi, hata mimi nimeamka nikiwa nimelala na wangu. Lakini hatari inapanda sana mzazi akiwa amekunywa, akiwa anavuta sigara, mtoto akiwa alizaliwa na uzito mdogo, au wakiwa kwenye kochi. Kochi ni baya kuliko kitanda.

#5 Mzee_Chukudu
Mimi kasiksi nilikuwa nakunywa. Lakini mama yao alikuwa hanywi. Na yeye ndiye alilala katikati.

#6 Mkunga_Ndosho
Basi Mzee, mshukuru mama yao.

#7 FundiMbao_Katindo
Mimi ni fundi, miaka 14 kwenye mbao, na si mimi niliyetengeneza ile ya #1, msinitazame.

Ndugu Himbi, hiyo mioyo miwili ndiyo inanitisha kuliko vyote. Tundu ambalo mguu wa mtoto unapita, kiuno kinapita, halafu kichwa kinakataa, hiyo ni kamba ya kumnyonga. Mbao ya kichwa iwe nzima, au iwe na fito kama pembeni. Na vile vichwa vya ikulu, viondoe. Mtoto akianza kusimama, ukosi wa nguo unanasa pale na yeye anaanguka. Sisi mafundi tunavipenda kwa sababu mteja anavipenda. Mteja anapima kazi kwa macho.

Nafasi kati ya fito na fito: isizidi sentimita 6. Ulaya wanaruhusu mpaka 6.5, Marekani ni 6. Na kutoka juu ya godoro mpaka ukingo wa juu, acha sentimita 50 kama mtoto ameshaanza kukaa. Watu wanasahau kwamba godoro likiwa nene ukuta unakuwa mfupi.

Fito zisipigiliwe misumari. Mbao ikikauka msumari unalegea, na mbao ya ikaritisi ndiyo mbaya zaidi, inapinda na kupasuka ikiwa bado mbichi. Libuyu ni nzuri kama ilikauka. Fito ziingie ndani ya tundu kwa gundi, na zile pande nne zishikwe na bulo (bolti), siyo msumari.

#8 Mulushois_Kamalondo
Bakubwa ba Goma, bonjour! Sisi ku Lubumbashi mambo ya kupima na sentimita hatuna. Unakamata chupa ya Simba, unaipitisha mu katikati ya fito. Ikipita, berso ni mubaya. Isipopita, unakunywa. Njo vile tu.

#9 Dada_Nyawera
😂😂 Mulushois, na ikipita huinywi?

#10 Mulushois_Kamalondo
Ikipita minaikunywa kwa huzuni.

#11 FundiMbao_Katindo
Hapana, hapo nakataa kwa heshima. Chupa ya bia ni nene mno. Isipopita bado nafasi inaweza kuwa 7 au hata zaidi, na wewe umeshafurahi. Kipimo kinachojulikana ni kopo la kinywaji, lile nene la kawaida, ambalo lina kipenyo cha sentimita 6.6. Likipita, kataa berso. Lakini angalieni, siku hizi makopo mengi sokoni ni yale membamba marefu, kama 5.8 hivi. Hilo jembamba likipita wala usiogope bado, pima kwa rula. Rula ni franki chache, jamani.

#12 Mwanakigoma
Samahani ndugu zangu wa ng'ambo ya ziwa, nimesoma posti kumi na moja. Berso ndiyo nini?

#13 MamaMapacha_Katindo
Kitanda cha mtoto chenye fito pembeni, kaka. Karibu Kongo.

#14 Mwanakigoma
Aaa, kitanda cha mtoto. Nilidhani ni ugonjwa.

#15 Dada_Nyawera
Nije kwenye ile ya okazyo, kwa sababu niliinunua moja kama hiyo hapa Bukavu mwaka 2017.

Ubavu wa kushuka na kupanda unafurahisha sana siku ya kwanza. Huinami, mgongo haukuumi. Wangu ulishikwa na vipande vidogo vya plastiki kwenye reli. Siku moja mtoto ana miezi minane, nasikia "tak" usiku. Nikawasha simu. Upande wa chini wa ubavu umetoka kwenye reli, umeacha mwanya wa mkono mzima kati yake na godoro, na mguu wa mtoto uko ndani ya mwanya mpaka kwenye paja. Mguu tu. Nilikaa chini kwenye sementi nikatetemeka.

Baadaye nikasoma kwamba Marekani walizipiga marufuku hizo za ubavu unaoshuka mwaka 2011, kuuza na hata kuuza tena kama zimetumika, kwa sababu ya watoto waliobanwa hivyo hivyo. Sasa jiulizeni kontena linaleta nini kwetu. Mtu wa kule hawezi kumuuzia jirani yake, kwa hiyo anaweka ndani ya kontena. Sisemi zote zinazokuja ni mbovu. Nasema ile yenye ubavu unaoshuka ina sababu ya kusafiri.

#16 KichwaNgumu_Birere
Dada Nyawera, si ungepigilia tu misumari ubavu usishuke tena?

#17 Dada_Nyawera
Nilifanya hivyo. Ndipo shemeji yangu akaanza kuuliza kwa nini nilitoa pesa ya berso ya kushuka ili nipate berso isiyoshuka.

#18 Baba_wa_Himbi
Nimerudi. Nimepima kwa rula. Ubavu una urefu wa sentimita 120 ndani, fito 11, kila fito upana wa 3. Nafasi: 7 na robo. SABA NA ROBO. Nimemwonyesha bibi yangu, amenijibu, "Mama alikuambia." Lakini mama hakusema habari ya fito! Alisema jeneza!

#19 FundiMbao_Katindo
Tulia. Inatengenezeka. Kwa urefu huo ukiweka fito 13 za upana uleule, kila nafasi inakuwa 5.8 kasoro kidogo. Ukiweka 12 inabaki karibu 6.5, haitoshi. Lakini usikubali fundi aingize mbili katikati na kuacha zingine zilivyo, utapata nafasi nne nyembamba na kumi za saba na robo. Atoe mbao ya juu, afungue zote, atoboe upya. Ni kazi ya siku moja na nusu. Na ile mbao ya mioyo aibadilishe kabisa, usikubali azibe tundu kwa gundi na unga wa mbao.

#20 KichwaNgumu_Birere
Mnazungumza fito wakati jamaa yuko Himbi karibu na ziwa! Mazuku je? Ile hewa ya sumu inakaa chini. Berso iwe na miguu mirefu, mita nzima kutoka sakafuni. Watu wa huko wasilaze watoto chini kabisa.

#21 Mzee_Chukudu
Hapo umesema kweli. Mazuku ni ile gesi ya ziwa, methani, inapanda usiku.

#22 Mwanajeolojia_UNIGOM
Mzee, kwa heshima, hapana. Methani imeyeyuka ndani kabisa ya ziwa, ndiyo ile Wanyarwanda wanachoma kupata umeme. Mazuku ni gesi nyingine, kaboni dioksaidi, inatoka ardhini kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inatulia mabondeni na kwenye mashimo, zaidi alfajiri upepo ukiwa umelala. Inajulikana hasa upande wa Lac Vert, Bulengo, Mugunga kuelekea Sake. Ndiyo maana kuku na mbuzi wanakufa kwanza na mtoto anayecheza shimoni kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Kuhusu miguu ya berso: Kichwa Ngumu hajakosea kwamba chini ni pabaya zaidi. Lakini nyumba ikiwa kwenye bonde la mazuku, hata mita nzima ya miguu ni kujifariji. Hapo shida ni kiwanja, siyo kitanda. Kama uko Himbi ya juu, lala.

#23 Mulushois_Kamalondo
Sisi hatuna volkano, tuko na baridi ya mwezi wa sita. Ile baridi inauma kweli. Bamama banaweka mbabula ya makala mu chumba ya mutoto. Basi berso ya kupanda juu inasaidia ju moshi inabaki chini, hapana?

#24 Mwanajeolojia_UNIGOM
HAPANA. Mulushois, hapo tusicheke. Makaa yanatoa gesi nyingine tena, monoksaidi ya kaboni. Hiyo haibaki chini. Ni nyepesi kidogo kuliko hewa na inachanganyika chumba kizima. Haina harufu, haina rangi, na moshi ukiisha, makaa yakiwa mekundu mazuri, ndipo watu wanafunga mlango. Miguu ya berso hata iwe mita mbili. Mbabula inabaki nje, nukta.

#25 Mkunga_Ndosho
Naunga mkono #24 kwa mikono yote miwili. Na joto lenyewe pia si zuri kwa mtoto anapolala. Shika shingo au kifua chake, siyo vidole. Vidole vya mtoto ni baridi siku zote, ndivyo vinavyodanganya mabibi. Kifua kikiwa na joto kavu, ameshiba nguo. Akiwa na jasho, mpunguzie.

#26 Mulushois_Kamalondo
Sawa docta. Nimetuma hii maneno ku groupe ya famille. Tanti yangu amejibu na sauti ya dakika tano, sijaisikiliza.

#27 YayaFuraha_Kadutu
Naomba niulize juu ya mustikeri, chandarua. Ile ya mwavuli ya sokoni, ya kumfunika mtoto kama kuku, inatosha ndani ya berso?

#28 Mkunga_Ndosho
Nyingi za mwavuli hazina dawa, yaya. Ile unayopewa kwenye sipeeni ina dawa, ndiyo tumia. Ining'inize juu kutoka dari, ifunike berso yote, ukingo uuchomeke chini ya godoro. Iwe imenyooka, isilale usoni kwa mtoto. Kamba ndefu kata. Mtoto wa miezi mitano anavuta chochote anachokifikia.

#29 YayaFuraha_Kadutu
Asante. Na mtoto anayeamka kila ukimweka? Wangu ana wiki sita. Mgongoni ndani ya kitenge analala kama gunia la foufou. Kifuani analala. Ukimshusha ndani ya berso, mgongo ukigusa tu shuka, macho haya hapa. Tumeshabadilisha godoro.

#30 MamaMapacha_Katindo
Baridi ya shuka, mama. Uwe unaipasha kwa mkono au kwa chupa ya maji ya moto, halafu unaitoa chupa kabla ya kumweka. Wangu mmoja ilimsaidia. Pacha wake haikumsaidia kitu.

#31 KichwaNgumu_Birere
Ni harufu. Mtoto anajua harufu ya mama yake. Weka nguo yako umeilalia.

#32 Mkunga_Ndosho
Nguo isikae ndani ya berso kama kitambaa kilegevu. Lalia shuka lenyewe usiku mmoja, halafu ulibane kwenye godoro lake.

Kuna na ile ya kushtuka: ukimshusha haraka anahisi kama anaanguka, mikono inaruka, anaamka. Tangulia miguu, halafu matako, kichwa mwisho, na uweke mkono kifuani dakika moja.

#33 FundiMbao_Katindo
Au ni verni. Nimeona wateja wanatoa berso kwangu leo na kumlaza mtoto kesho. Verni inatoa harufu wiki kadhaa. Mimi mwenyewe macho yananitoka machozi nikiipiga. Unadhani mtoto wa wiki sita anasikia nini? Iache nje kwenye hewa walau wiki tatu, kivulini.

#34 YayaFuraha_Kadutu
Berso yangu haina verni. Ni chuma.

#35 FundiMbao_Katindo
Basi sijui.

#36 Mzee_Chukudu
Mimi najua lakini sitasema.

#37 Bibi_wa_Panzi
Wanangu, mimi ni bibi, nimeona hapa mnamcheka mama mkwe wa Minova. Hakuna aliyeuliza kwa nini alisema jeneza.

Kwetu zamani hununui kitu cha mtoto kabla hajalia. Wala nguo. Unaandaa moyoni. Ukiweka kitanda kitupu ndani ya nyumba mwezi mzima, unakiwekea nani? Siyo kwamba yule mama hajui fito. Aliona kitanda kinamsubiri mtu ambaye bado hajafika.

#38 Dada_Nyawera
Bibi, mimi naona ni jambo lingine. Kasema aliinusa. Fundi wa Majengo anatengeneza nini siku zingine?

#39 FundiMbao_Katindo
Majeneza. Sote tunatengeneza. Meza ni moja, libuyu ni ile ile, verni ni ile ile ya kopo moja. Miaka hii, nisiseme mengi, majeneza ndiyo yamelisha watoto wa mafundi wa Goma kuliko makabati. Sikuwahi kufikiri mtu anaweza kuisikia kwa pua.

#40 Bibi_wa_Panzi
Mama wa Minova akiisikia, mwanangu, si ajabu.

#41 KichwaNgumu_Birere
Au labda hataki tu kulala peke yake kwenye kile chumba kingine 😂 Mtoto akiwa ndani ya berso chumbani kwa wazazi, mama mkwe analala na nani?

#42 Baba_wa_Himbi
Kichwa Ngumu, hilo nimelifikiria saa tisa usiku. Sina jibu. Nimemwuliza bibi yangu, amesema nisimchokoze mama yake.

#43 Mama_Keshero2021
Kuna jambo hamjaligusa: berso inakaa wapi chumbani. Mwaka 2021, Nyiragongo ilipotoka tarehe 22 mwezi wa tano, mtoto wangu alikuwa na miezi mitatu. Lava haikutufikia, lakini yale matetemeko ya siku zilizofuata yalikuwa hayahesabiki. Berso ilikuwa chini ya etajeri yenye vyombo. Sufuria ya chuma ilianguka ndani. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu wakati huo, ndiyo sababu naandika kwa utulivu. Usiweke berso chini ya etajeri, chini ya dirisha la vioo, wala karibu na televisheni.

Na tarehe 27 walipotoa amri ya kuhama, berso ilibaki, sisi tukaenda Sake kwa miguu. Kilichotusaidia ni kitunga. Kipana, kigumu chini, na kagodoro kembamba. Alilala humo wiki mbili.

#44 Dada_Nyawera
Hata sisi Bukavu lile tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili 2008 lilikuwa Jumapili asubuhi. Mama yangu husema kilichoanguka kwanza ni kabati.

#45 Mwanakigoma
Kitunga mmesema? Nilisoma kwamba Ufini serikali inawapa wazazi katoni yenye godoro na nguo ndani, mtoto analala kwenye katoni ile ile. Wameanza 1938.

#46 KichwaNgumu_Birere
Katoni ya sabuni?

#47 Mwanakigoma
Katoni imara, ya kwao. Mwanzo ilikuwa ya maskini tu, baadaye mwaka 1949 wakapewa wote.

#48 MamaMapacha_Katindo
Mkileta hiyo Goma kabla ya kufika kwa mama itakuwa imeshauzwa soko la Alanine, godoro peke yake, nguo peke yake, katoni peke yake.

#49 Mkunga_Ndosho
Katoni au kitunga kinafaa miezi ya kwanza tu. Akianza kujigeuza au kujishika ukingoni, mtoe. Na usikibebe kitunga kwa mkono mmoja mtoto akiwa ndani, wala kukiweka juu ya meza.

#50 Mzee_Chukudu
Nimesoma yote. Swali moja kwa Mkunga. Mtoto akilala chali kila siku, kisogo hakiwi bapa kama chapati?

#51 Mkunga_Ndosho
Kinaweza kubonyea kidogo, Mzee, na kwa wengi kinarudi. Akiwa macho mlaze kifudifudi huku unamtazama, mara kadhaa kwa siku, na mgongoni kwa kitenge pia kisogo kinapumzika. Chali ni kwa usingizi.

#52 Baba_wa_Himbi
Habari mpya. Nimerudisha berso kwa fundi. Alikasirika kidogo kwa ajili ya vichwa vya ikulu, akasema nimeharibu sanaa. Sasa ina fito 13, mbao ya kichwa mpya nzima, bulo nane, na iko kwa jirani chini ya paa inatoa harufu. Bibi wa Panzi, haiko nyumbani kwangu, nimekusikia. Godoro nimelikatisha upya, vidole viwili havipiti. Ile ya okazyo sikuinunua. Rafiki amenuna.

Mama mkwe ameuliza jana, "Ile kitu iko wapi?" Nikamwambia iko kwa jirani. Akasema "Hmm." Hiyo "hmm" mwanamke yeyote hapa anisaidie kuitafsiri.

#53 MamaMapacha_Katindo
Ni nzuri.

#54 Dada_Nyawera
Ni mbaya.

#55 Bibi_wa_Panzi
Mtoto akilia ndipo utajua.

#56 YayaFuraha_Kadutu
Mimi nimejaribu shuka nililolilalia, chupa ya maji ya moto, na miguu kwanza. Amelala dakika arobaini. Sijui ni ipi kati ya tatu imefanya kazi na naogopa kupunguza hata moja.

#57 Mzee_Chukudu
Baba wa Himbi, ile mbao ya zamani yenye mioyo miwili, fundi aliitupa? Nataka mlango wa banda la sungura.

#58 FundiMbao_Katindo
Mzee, sungura watatokea kwenye moyo.